Kwa Nini Mkarafuu Unanukia?

SOMO KWA WAKULIMA



Hapana mtu kisiwani kwetu asiyeijua harufu ya karafuu. Msimu ukifika na majamvi yakatandazwa, hata msafiri apitaye njiani hutambua kwamba ameingia katika nchi ya mikarafuu. Harufu hiyo ndiyo inayotupatia fedha za kusomesha watoto na kuezeka nyumba. Lakini je, tumepata kujiuliza mti wenyewe unanukia kwa faida ya nani? Mkarafuu ulikuwa ukimea katika visiwa vya Maluku, huko Indonesia, zamani sana kabla mfanyabiashara wa kwanza hajaweka karafuu katika mizani. Mti haujui soko wala haujui bei. Basi haiwezekani kuwa umejitengenezea mafuta yale kwa ajili yetu.

Katika somo la mara hii tutaeleza kwamba mafuta ya karafuu ni silaha ya mti ya kujilinda na wadudu. Tusidhani kuwa hii ni elimu ya kupitisha wakati tu. Mkulima anayejua silaha ya mti wake ni ipi, inamzuia nani na inashindwa na nani, atajua pia ni wapi mti unajitosheleza na ni wapi unamhitaji yeye. Asiyejua huweza kuupokonya mti silaha yake kwa mikono yake mwenyewe.

MTI HAUWEZI KUKIMBIA

Mbuzi akiona mbwa mkali hukimbia, na kuku akiona mwewe hujificha chini ya kichaka. Mti hauna miguu. Pale ulipopandwa ndipo utakapokaa miaka 50 au 80, na kila siku panzi, viwavi, mbawakavu na wadudu wengine wengi hupita wakitafuta chakula. Hata hivyo ukiangalia shamba utaona kwamba majani mengi yamesalia mazima. Kuna sababu.

Miti mingine ina miiba, mingine ina magome magumu, na mingine ina malaika juu ya majani yanayomzuia mdudu asitembee. Lakini silaha iliyoenea kuliko zote ni dawa ambazo mti huzitengeneza ndani ya mwili wake: chungu, kali, zenye ukakasi au zenye sumu.

Zamani wataalamu wengi walidhani kuwa dawa hizi ni takataka tu za mti, kama jasho au majivu ya jikoni, kwa sababu haziusaidii mti kukua wala kupumua. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu, Gottfried Fraenkel, wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliandika makala mashuhuri akapinga fikira hiyo. Alisema kwamba dawa hizi zipo kwa sababu ya wadudu: ndizo zinazowafukuza walio wengi, na ndizo zinazowaita wale wachache waliozizoea. Tangu hapo uchunguzi mwingi umefanywa, na maneno yake yamezidi kupata nguvu.

TAZAMA JANI LAKO MWENYEWE

Hapana haja ya kusafiri mpaka chuoni ili kuiona silaha ya mkarafuu. Chuma jani moja, uliinue juu kuelekea mwangaza wa jua. Utaona vitone vidogo sana vinavyopitisha nuru, vimetapakaa jani zima. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Sasa livunje jani hilo ulinuse. Kabla hujalivunja harufu ilikuwa kidogo, na sasa imekuwa kali, kwa kuwa umevipasua vifuko. Panzi anapouma jani hufanya hivyo hivyo, ila yeye mafuta hayo humwingia kinywani.

Kadhalika chukua karafuu iliyokauka vizuri, uibonyeze kwa ukucha. Mafuta yatatoka, maana vifuko viko karibu sana na ngozi yake.

Kwa nini mti uyaweke mafuta ndani ya vifuko, usiyaache yaenee mwilini? Kwa sababu silaha hii ni kali hata kwa mwenyewe. Kama bwana wa nyumba anavyokiweka kisu ndani ya ala, ndivyo mti unavyoyafungia mafuta mahali pake, yasiudhuru, na mdudu ndiye anayekuja kuichomoa silaha iliyomchoma.

Angalia pia mti ulivyoigawa silaha yake. Ukichukua kilo 100 za karafuu kavu ukazikamua kwa mvuke, utapata kama kilo 15 mpaka 20 za mafuta. Kilo 100 za makonyo hutoa kama kilo 5 au 6, na majani kama kilo 2 au 3. Jani likiliwa, mti utaota jingine. Lakini ua likiliwa, mbegu ya mwaka ule imekwenda. Mti umeweka ulinzi mkubwa zaidi pale penye thamani kubwa zaidi, kama afanyavyo mtu mwenye akili na sanduku lake.

YUJENOLI NA KAZI YAKE

Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni dawa moja iitwayo yujenoli. Ndiyo inayoleta ile harufu na ule ukali ulimini. Kazi yake tunaijua sisi sote bila ya kujua jina lake: mtu akiumwa na jino huweka karafuu, na baada ya muda mfupi hapo mahali hufa ganzi. Yujenoli imezipoza neva za jino. Mganga wa meno naye huitumia dawa hiyo hiyo.

Sasa fikiri: ikiwa tone dogo linaweza kulitia ganzi jino la mtu mzima, litamfanya nini mdudu ambaye mwili wake wote ni mdogo kuliko jino hilo? Yujenoli huvuruga neva za mdudu. Akipata kidogo huchukia na kuondoka, na akipata nyingi hulegea na kufa. Pamoja na yujenoli, mkarafuu una tanini, kitu kile kiletacho ukakasi kinywani. Tanini hushikamana na chakula tumboni mwa mdudu kikawa kigumu kusagika, hata akala sana na asinenepe.

Mkarafuu si peke yake wenye yujenoli. Lifikiche jani la mdalasini ulinuse: harufu yake inakaribia karafuu kuliko gome la mdalasini, kwa kuwa mafuta ya jani lile ni yujenoli kwa sehemu kubwa. Na baadhi ya vivumbasi vina dawa hiyo pia. Wazee waliotundika kivumbasi nyumbani kufukuza mbu walikuwa wakitumia silaha ile ile iliyomo ndani ya mkarafuu.

SILAHA ZA MIMEA MINGINE TUNAYOIJUA

Muhogo una hila ya ajabu. Mhogo mchungu mzima, usiojeruhiwa, hauna sumu iliyo tayari. Una vitu viwili vilivyotengwa: kimoja kimefungiwa ndani ya vyumba vidogo vya mwili wake, na kingine kiko nje katika kuta za vyumba hivyo. Mdudu akiuma, kuta huvunjika, vitu viwili hukutana, na hapo hapo hutokea sumu ya sianidi. Ndiyo maana mama zetu humenya, huroweka na kuanika muhogo mchungu kabla ya kuutwanga: wanaiacha sumu itoke na kupotea.

Mpapai una utomvu mweupe. Ukilikata jani, utomvu huruka mara moja. Ndani yake mna papaini, kitu kinachoyeyusha nyama, na ndiyo sababu wapishi hutumia papai bichi kulainisha nyama ngumu. Kiwavi asiyezoea akila jani lenye utomvu ule, mwili wake wenyewe hudhurika.

Mwarobaini ni mfano mkubwa. Mwaka 1959 nzige walivamia Sudan, na mtaalamu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, akaona kwamba miti yote imeliwa ila miarobaini imesimama na majani yake. Dawa iliyowazuia nzige inaitwa azadiraktini. Humkatisha mdudu hamu ya kula, tena humzuia asijivue gamba na kukua. Leo dawa za shambani hutengenezwa kutokana na mbegu za mwarobaini katika nchi nyingi.

Na yapo mambo ya ajabu zaidi. Mwaka 1972 wachunguzi wawili wa Marekani, Green na Ryan, walionyesha kwamba mbawakavu akiuma jani moja la mbatata au mtungule, majani mengine ya mmea huo, hata yasiyoguswa, huanza kutengeneza kitu cha kumharibia mdudu usagaji wa chakula. Maana yake habari imesafiri kutoka jani moja hadi jingine. Mmea hauna masikio, lakini una njia ya kupiga mbiu ya mgambo.

WADUDU NAO WANA HILA

Mtu akisikia haya anaweza kusema: basi, ikiwa mkarafuu una silaha kali hivi, sisi tukalale. Ndugu, hapo ndipo penye kosa. Kila kufuli ina mwivi wake. Katika maelfu ya miaka wako wadudu waliojifunza kuzivunja silaha za mimea, nao ndio wanaotutia hasara.

Kwanza, wako waliozoea sumu. Tazama miche ya mndimu au mchungwa. Majani yake yananukia kwa mafuta makali, na wadudu wengi hawayataki. Lakini yuko kiwavi wa kijani, mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye chakula chake ni majani hayo hayo. Ukimgusa hutoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa, zenye harufu kali inayomfukuza adui. Kwake yeye, harufu ya mndimu ndiyo inayomwonyesha mama yake mahali pa kutaga mayai. Mkarafuu nao una wazoefu wake: huko Madagaska yuko kiwavi anayetoboa shina na matawi ya mkarafuu, na wenyeji humwita andretra.

Pili, wako wanaoizunguka silaha. Wadudu wa magamba, wale wanaong'ang'ania vijiti na majani kama vipele, hawatafuni. Wana mrija mwembamba kuliko unywele, nao huupenyeza polepole mpaka kwenye mishipa ya utamu wa mti, bila ya kuvipasua vifuko vya mafuta. Ni kama mwivi aingiaye dirishani wakati mlinzi amekaa mlangoni. Kidung'ata wa muhogo alifanya vivyo hivyo: alitokea Amerika ya Kusini, akaonekana huko Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaenea sehemu kubwa ya Afrika, na sianidi ya muhogo haikumzuia. Aliyemshinda ni nyigu mdogo sana, aliyeletwa kutoka huko huko Amerika ya Kusini na kuachiwa Afrika kuanzia mwaka 1981, ambaye hutaga mayai yake ndani ya kidung'ata. Kazi hiyo ilimpatia mtaalamu Hans Herren Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Tatu, wako wanaopita pale pasipo na silaha. Mchwa hapendi jani bichi lenye mafuta. Yeye hutafuta mti mkavu: tawi lililokufa, kisiki, mzizi uliooza, au gome lililochubuliwa kwa jembe. Akisha kupata mlango huo huendelea ndani.

HABARI YA MAJI MOTO

Hapa inafaa kusema neno juu ya maji moto, wale siafu wekundu wanaoshona majani na kuwauma wachumaji. Mtaalamu wa wadudu, M. J. Way, aliwachunguza hapa Unguja, na mwaka 1954 akatoa maandishi juu ya siafu hao na wadudu wa magamba wa mkarafuu. Alionyesha kwamba maji moto huwafuga wadudu wa magamba kama sisi tunavyofuga ng'ombe: huwalinda, na wao huwapa maji matamu.

Kwa hiyo maji moto ana pande mbili. Upande mmoja huwatunza wanyonyaji. Upande wa pili ni askari mkali anayewashambulia wadudu wengine juu ya mti, na kwenye minazi ndiye anayemfukuza yule mdudu anayefyonza vidaka vikaanguka kabla ya wakati. Mwenye shamba la mikarafuu iliyochanganyika na minazi asikimbilie kumwaga sumu kali kwa sababu tu ameumwa. Sumu hiyo haichagui. Huwaua maji moto pamoja na nyigu wadogo, buibui na wengine wanaotufanyia kazi bila ya ujira. Silaha ya mti haiwafikii wanyonyaji, na wanaowafikia ni hao marafiki wadogo. Ukiwaua wote, umeuacha mti bila ya mlinzi.

SILAHA INA GHARAMA

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa la somo hili. Mafuta hayapatikani bure. Mti huyatengeneza kutokana na sukari inayopikwa na majani kwa nguvu ya jua. Sukari hiyo hiyo ndiyo inayotumika kukuza mizizi, matawi na maua. Mti wenye njaa, uliosongwa na magugu au uliokatwa majani hovyo, una mfuko mdogo wa kutumia, na lazima upunguze mahali.

Majani ya mkarafuu yana mafuta, na mafuta ya majani yana soko duniani. Anaweza kutokea mtu akakwambia umuuzie majani mabichi kwa gunia, na fedha za haraka humtia mtu tamaa, hasa katika mwaka ambao miti haikuzaa. Ndugu mwanachama, fanya hesabu kwanza. Jani bichi ni jiko la mti na ghala la silaha yake kwa pamoja. Huko Madagaska, ambako mafuta ya majani hutengenezwa kwa wingi, imeonekana kwamba mti unaokatwa majani mara kwa mara huzaa karafuu chache. Gunia moja la majani leo huweza kukugharimu karafuu za msimu ujao, na kila mtu anajua kipi kina bei zaidi. Makonyo ni jambo jingine: hayo yamekwisha kuchumwa pamoja na karafuu, na mti hauyahitaji tena. Yauze makonyo, uyaache majani.

MAMBO YA KUFANYA SHAMBANI

1. Usivunje matawi wakati wa kuchuma. Lilete tawi polepole kwa kamba au kwa fimbo ya kingoe. Kila palipovunjika pana mlango, si wa mchwa tu bali na wa ukungu unaokausha matawi, ambao huingia kwenye majeraha. Ukungu huo umeizoea mikarafuu na yujenoli haiuzuii.

2. Matawi makavu yakatwe kwa msumeno mkali, na yaondolewe shambani. Visiki viovu ving'olewe. Usimwekee mchwa karamu.

3. Palilia kuzunguka shina kwa uangalifu, jembe lisichubue gome wala mizizi.

4. Kagua miche kila wiki. Mche mdogo una majani machache, na kiwavi mmoja anaweza kula sehemu kubwa kwa siku chache. Waokote viwavi kwa mkono.

5. Ukiona vipele vya magamba na masizi meusi juu ya majani, usinunue dawa kwa kubahatisha. Lichume tawi hilo umpelekee bwana shamba au bibi shamba, aseme ni mdudu gani.

6. Usikate majani mabichi kwa ajili ya kuuza, na hasa ya miti michanga.

7. Anika karafuu vizuri na uziweke mahali pakavu. Mafuta yale uliyolindiwa na mti mwaka mzima yasije yakapotea kwa ukungu wa ghalani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MKUTANINI

1. Kwa nini jani la mkarafuu hunukia zaidi likivunjwa?

2. Kwa nini mafuta ya mkarafuu hayawadhuru wadudu wa magamba?

3. Kuna tofauti gani kati ya kuuza makonyo na kuuza majani mabichi?

4. Katika shamba lako, ni milango gani ambayo mchwa anaweza kuingilia, na ipi unaweza kuifunga kabla ya msimu?

Mkarafuu umefanya sehemu yake. Umejitengenezea silaha, ukaiweka penye thamani, na sisi tukaigeuza kuwa riziki yetu. Iliyobaki ni sehemu ya mkulima, nayo ni kulinda pale ambapo mti hauwezi. Mwenyezi Mungu atujaalie msimu mwema.